Je, Kutunza Gari ni Kupenda Mali?



Liko swali moja ambalo watu huliuliza kwa mzaha, lakini mimi naona lastahili kujibiwa bila mzaha. Mtu akionekana siku ya Jumamosi amelala chini ya gari lake, ana brashi ya waya mkononi na kopo la rangi ubavuni, anakwangua kutu mahali ambapo hapana jicho litakalopaona, wapitao husema, "Huyu naye! Gari limekuwa mungu wake." Mwingine huongeza, "Chuma ni chuma tu, kitaoza hata ukikivika kanzu." Kisha watu hucheka, wakaenda zao. Swali hubaki pale pale. Je, mtu yule anapenda mali kupita kiasi, au anafanya jambo lililo wajibu wake?

Sisi tunaosoma Injili twalisikia swali hili kwa uzito zaidi, kwa sababu katika sura ya 6 ya Mathayo kutu yatajwa pamoja na nondo kuwa ndiyo ihaributo hazina za duniani. Yuko atakayesema: kama ndivyo ilivyo, ya nini kushindana na kutu? Acha ile gari, shughulika na mambo ya maana. Neno hilo lina sauti ya uchaji, wala sipendi kulitupa bila kulipima. Lakini nadhani limechanganya mambo mawili, yaani kuweka moyo juu ya kitu, na kukitunza kitu ambacho watu wengine wameweka uhai wao juu yake. Haya mawili hayafanani, na katika gari tofauti yake yaonekana wazi kuliko katika vitu vingi.

Kwanza tujue kutu ni nini

Mwalimu hata akistaafu haachi kufundisha, kwa hiyo mniwie radhi nikianza na misumari. Katika chuo cha ualimu tuliwafanyisha wanafunzi jaribio ambalo wengi wenu mlilifanya shuleni. Chukua misumari mipya, ing'arishe kwa msasa. Mmoja utie katika chupa kavu yenye dawa ya kunyonya unyevu, ukaizibe. Wa pili utie katika maji yaliyochemshwa sana hata hewa yake ikatoka, kisha mwaga mafuta kidogo juu yake ili hewa isirudi. Wa tatu utie katika maji ya kawaida, chupa ikiwa wazi. Baada ya juma moja msumari wa kwanza wang'aa bado, wa pili vile vile, lakini wa tatu una madoa mekundu. Basi hewa peke yake haitoshi kuleta kutu, na maji peke yake hayatoshi. Kutu ni kazi ya vitu viwili pamoja, oksijeni na maji. Ukiongeza chupa ya nne yenye maji ya chumvi, hiyo itazipita zote kwa haraka, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha vizuri ule umeme mdogo unaotembea juu ya chuma wakati kinapoliwa.

Sisi wa pwani tunakaa ndani ya ile chupa ya nne. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi, hukaa juu ya mabati ya nyumba, juu ya bawaba za milango na juu ya magari yetu. Na unyevu wa usiku huzilowesha kila kunapokucha. Ndiyo sababu gari lililokaa Dodoma laweza kuwa zima chini yake, na pacha wake aliyekaa Tanga au Mombasa akawa ameshatoboka.

Liko jambo jingine ambalo lapasa kusemwa. Chuma hakichimbwi ardhini kikiwa safi. Aghalabu hupatikana katika mawe mekundu ambamo kimeshikana na oksijeni, na ni kwa moto mkali wa tanuru kwamba watu hukitenga nayo. Kwa hiyo kutu ni chuma kinachorudi kwao. Si laana wala si uchawi, na si alama kwamba mwenye gari ni mtu mbaya. Nimewahi kusikia kutu ikifananishwa na dhambi mara nyingi hata nikachoka. Dhambi mtu huitenda mwenyewe, lakini kutu huja hata kwa mtu mwema aliyelala. Tusimhukumu mtu kwa kuwa gari lake lina kutu. Tumwulize tu kwamba alipoijua, alifanya nini.

Kutu huanzia tusipopaona

Watu wengi hudhani kwamba kutu huanza juu ya rangi ikaenda ndani. Mara nyingi huwa kinyume chake. Rangi ikivimba kama lengelenge chini ya mlango, mara nyingi bati limekwisha kuliwa upande wa ndani, ambako maji ya mvua yaliingia kupitia kioo yakakosa pa kutokea. Milango ya gari ina matundu madogo kwa chini, nayo yaliwekwa makusudi ili maji yatoke. Vumbi na majani yakiyaziba, mlango wageuka mtungi. Ndivyo ilivyo pia chini ya mikeka ya mpira, ndani ya buti chini ya tairi la akiba, kwenye matao ya matairi ambako matope hukaa yakashika unyevu siku nyingi, na ndani ya zile boriti za chuma zilizo wazi katikati zinazopita chini ya milango. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee.

Mfano mzuri ni Land Rover za zamani, ambazo misheni, hospitali na shule nyingi za Afrika Mashariki zilizitumia miaka mingi. Gari lile lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, basi bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Hujifunika ngozi nyembamba inayoilinda. Lakini chesisi ilikuwa ya chuma. Basi twaliona gari ambalo juu yake ni imara, mabawa yake hayana doa, na mwenyewe alisifia. Kumbe chini yake chesisi imekuwa kama mkate uliotiwa katika chai. Nyumba njema si mlango.

Sasa tufikiri ni nini kinachoshikiliwa na hivyo vyuma vya chini. Mabomba membamba yanayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu ya nyuma, ambayo katika magari mengi ni ya chuma, hupita huko. Springi hushikwa huko. Mikanda ya usalama imefungwa kwenye sakafu na nguzo za bodi. Kutu ikila doa la boneti, aibu ni ya mwenye gari. Ikila bomba la breki, msiba ni wa abiria, na wa mtoto avukaye barabara. Hapa ndipo kutu inapokuwa jambo la maadili, maana yule anayeweza kuumia siye aliyepewa nafasi ya kuchungulia chini.

Nahodha na deheni

Pwani yetu ilikuwa na jibu la swali hili kabla ya gari la kwanza kushushwa bandarini. Wenye vyombo vya bahari walikuwa wakikipandisha chombo pwani maji yanapokupwa, wakakwangua magamba na uchafu, wakakikalafati kwa pamba na mafuta palipo na nafasi kati ya mbao, kisha wakakipaka deheni chini, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na sifa ya papa upande wa juu. Harufu yake waliokulia pwani wanaijua. Kazi ile ilikuwa chafu, na ilirudiwa tena na tena maadamu chombo ki hai.

Sijapata kusikia kwamba mtu yeyote alimwambia nahodha, "Wewe waabudu jahazi." Kila mtu alijua kwamba upande unaopakwa deheni ni upande usioonekana chombo kikiwa majini, na kwamba kati ya mabaharia na kilindi hapana kitu kingine ila ubao ule. Tena nahodha alisafiri mwenyewe. Kama alifanya uvivu, maji yangeingia miguuni pake kwanza.

Ugumu wetu wa leo ni huu: mwenye gari si lazima awe ndani yake. Gari lina mwenyewe, lina dereva, lina abiria, na kesho litakuwa na mwenyewe mwingine. Anayeokoa gharama siye atakayelipa hasara. Kwa hiyo lile lililomlazimisha nahodha kwa hofu ya kuzama, sisi hatuna budi kulifanya kwa dhamiri.

Katika chuo kimoja nilikofundisha alikuwapo dereva wa makamo ambaye kila mwisho wa mwezi aliingia chini ya gari la chuo na spana, akagonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma huku ametega sikio. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kibuyu kilichopasuka. Wanafunzi wakamtania kwamba anapiga ngoma. Siku moja nikamwuliza kama kazi ile imo katika orodha ya kazi zake. Akajibu, "Haimo, Mwalimu. Lakini hawa ninaowapakia wana mama zao." Nimesoma vitabu kadhaa juu ya wajibu, na sijaona sentensi iliyoueleza kwa ufupi zaidi.

Kazi yenyewe

Nisije nikaambiwa nimehubiri tu bila kufundisha, haya ndiyo yafaayo kufanywa, nayo hayahitaji utajiri.

Kwanza, osha chini kabla ya juu. Gari likitoka ufukweni, au likibeba samaki, au likipita palipo na maji ya bahari, chumvi iondolewe kwa maji baridi siku ile ile. Najua kwamba maji ni shida kwa wengi wetu, na si haki mtu amwage ndoo kumi juu ya gari huku akina mama wamepanga foleni bombani. Lakini ndoo mbili zikielekezwa kwenye matao ya matairi na chesisi zina faida kuliko ndoo tano juu ya boneti. Na mvua ikinyesha, tandaza mapipa.

Pili, zibua yale matundu ya milango kwa kijiti, na toa mikeka ikauke juani. Gunia bichi lililosahauliwa nyuma ya pikapu ni adui mkubwa.

Tatu, gari lipate hewa. Banda lililofungwa, lenye unyevu, huliharibu gari kuliko kivuli cha mwembe chenye upepo. Vile vile turubai lililokazwa juu ya gari bichi hufungia maji ndani.

Nne, mkwaruzo usingoje. Kwangua mpaka chuma cheupe kionekane, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kwa maana hewa ya pwani huanza kazi yake mara moja, kisha paka rangi ya juu. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuifunika blanketi ipate usingizi mwema. Hali kadhalika ile rangi nzito mfano wa lami ipakwayo chini ya gari: ikipakwa juu ya chuma safi na kikavu, ni kinga, ikipakwa juu ya kutu na matope, hufungia unyevu ndani, na kutu hula kwa siri mpaka siku kipande kizima kianguke pamoja na lami yake.

Tano, mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, mwombe fundi apulize mafuta mazito au nta ndani ya zile boriti zilizo wazi katikati, kupitia matundu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na fundi wa kuchomelea sakafu mpya ni ghali kuliko kopo la grisi.

Zamani gari lenyewe halikusaidia sana. Siku hizi viwanda vingi hutumia mabati yaliyopakwa zinki, ufundi ambao Mfaransa Stanislas Sorel aliupatia hataza mwaka 1837. Zinki huliwa yenyewe ili chuma kisiliwe. Lakini hata zinki huisha, na popote palipokatwa na kuchomelewa upya, imekwisha kuungua.

Palipo na ugumu wa kweli

Nikisimama hapo, msomaji atasema nimesema lililo jepesi: tunza gari, watu wasife. Nani atakataa? Basi tuyatazame mambo matatu ambayo watu wema hupotea njia.

La kwanza ni oili chafu. Ni desturi kwa wengi kuchukua oili iliyotolewa kwenye injini na kuipaka au kuipuliza chini ya gari. Haina gharama, na kwa kiasi fulani huzuia kutu. Lakini oili ile imebeba vumbi la vyuma vilivyosagika ndani ya injini, na masizi, na kemikali ambazo baadhi yake zajulikana kuleta saratani. Huharibu ngozi ya kijana anayeipaka kwa mikono mitupu. Hulainisha mipira iliyo kwenye miguu ya gari. Nayo haikai pale ilipopakwa. Hudondoka mchangani, mvua huisukuma, na katika udongo wa pwani wenye mchanga na matumbawe visima havina kinga kubwa. Hapa mtu analinda mali yake kwa kumtwisha jirani hasara asiyoiona. Mimi nasema, kama siwezi kulilinda gari langu ila kwa kukitia sumu kisima cha mwenzangu, basi heri kutu. Asiye na fedha za grisi mpya na apake kidogo, mahali palipo lazima. Oili chafu na irudishwe gereji, katika pipa lake.

La pili ni kuuza. Gari limeoza chini ya milango. Fundi bodi anajaza puti, anapiga msasa, anapuliza rangi, likawa kama jipya. Puti yenyewe si dhambi, kwa kuwa hutumika kwa haki kusawazisha bati lililobonyea. Lakini puti haina nguvu, na mwenye kujua huleta sumaku: pasiposhika, bati halipo, au liko mbali. Sasa muuzaji husema, "Mimi sikusema uongo. Hakuniuliza. Ana macho, angekagua." Jibu lake laonekana lina haki, na katika vitu vingine lingekuwa nayo. Ukiniuzia embe, macho yangu yatosha. Lakini puti iliwekwa makusudi ili macho yasitoshe. Mtu hawezi kulifunika jambo kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akamlaumu mwenzake kwa kutoliona.

Wengi wetu twanunua magari yaliyokwisha kutumika Japani. Huko kwenye minada gari huwa na karatasi yenye mchoro wake, na mkaguzi huandika herufi mahali penye kasoro. S ni alama ya kutu, na C ni alama ya bati lililoliwa zaidi. Magari yaliyotoka sehemu za theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, huweza kuwa na herufi hizo kwa wingi. Muuzaji wa kule ameruhusu kasoro ya mali yake iandikwe. Ni jambo la kusikitisha kama karatasi hiyo itavuka bahari yote hiyo, kisha ipotee katika hatua chache kati ya bandari na mnunuzi wa mwisho.

Hata kampuni kubwa zimelipishwa kwa jambo hili. Mwaka 1980 kampuni ya Lancia ya Italia ilijikuta ikinunua tena baadhi ya magari yake ya aina ya Beta kutoka kwa wateja wa Uingereza, kwa sababu kutu ilikula fremu inayobeba injini. Na jina lake katika nchi ile halikupona. Mwaka 2016 Toyota ilikubali huko Marekani kumaliza shauri lililohusu kutu katika fremu za magari yapatayo milioni 1.5, ya aina za Tacoma, Tundra na Sequoia, kwa gharama iliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Siyataji haya kwa kuwacheka. Nayataja kwa sababu mara nyingi mnyonge hujitetea kwamba ukweli ni anasa ya matajiri. Gharama ya kasoro iliyo chini humfikia mtu mwisho. Shida ni kwamba imfikie nani.

Najua kwamba ukweli una bei. Ukisema, "Sakafu upande wa dereva imechomelewa, na boriti ya kushoto imeanza," utapunguziwa fedha, na pengine ni fedha za karo. Sitaki kudanganya kwamba uaminifu hulipa siku zote, kwa kuwa mara nyingine haulipi. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: mwambie mnunuzi yale ambayo ungetaka uambiwe kama binti yako ndiye atakayepanda gari lile kwenda kujifungua. Hayo yakiwa mengi, basi bei iwe ndogo. Na yakiwa mengi mno, gari lile si la kuuzwa kama gari. Liuzwe kama vyuma chakavu.

La tatu ni gari la wote. Katika miaka yangu ya kazi nimeona magari ya shule, ya vyama na ya makanisa, na aghalabu huoza mapema kuliko ya watu binafsi, ingawa yana watu wengi wa kuyatunza. Au tuseme, kwa sababu wana wengi. Kila mmoja hudhani mwenzake ameangalia. Twaita mali hiyo shamba la bibi, tukacheka. Lakini tufikiri gari la parishi lilinunuliwa kwa nini. Limo sadaka la yule mama auzaye maandazi alfajiri, na kuku wa mnada wa mavuno, na nauli ya mzee aliyeamua kutembea kwa miguu. Kuliacha lioze ni kuzila sadaka zao polepole, bila hata kushiba. Wala maneno ya kulaumiana hayatasaidia. Lisaidialo ni jina la mtu mmoja, siku moja katika mwezi, na daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Aandike: matundu yamezibuliwa, mabomba ya breki yameangaliwa, boriti ya kulia ina doa, fundi aje. Daftari hilo lisomwe katika mkutano kama hesabu za fedha zisomwavyo, kwa sababu ni hesabu za fedha zile zile.

Pale pa kukomea

Sasa narudi kwa yule aliyesema kwamba gari limekuwa mungu wa mtu. Siwezi kusema hana haki kabisa. Wako watu wa namna hiyo. Mtoto akigusa bodi kwa mkono wenye vumbi, apigwa. Jirani akiomba mgonjwa apelekwe hospitali usiku wa mvua, aambiwa gari limetoka kuoshwa. Fedha za daftari za shule zikawa rangi mpya ya kung'aa. Kwa mtu huyo gari limeacha kubeba watu, watu ndio wanaolibeba.

Lakini mtazameni vizuri, na mtaona kwamba mtu wa namna hiyo mara nyingi hashughuliki na chini ya gari hata kidogo. Yeye hung'arisha pale panapoonekana. Kipimo changu basi ni chepesi, na kila mwenye gari aweza kujipima mwenyewe: kazi yako umeielekeza wapi? Ikiwa ni juu, panapokusifu, jihadhari. Ikiwa ni chini, panapowabeba wengine, endelea, wacha wapitao wacheke.

Tena kutunza kuna mwisho wake. Gari huzeeka. Itafika siku fundi mwaminifu atakapokwambia kwamba hakuna tena chuma cha kuchomelea chuma kingine juu yake. Siku hiyo kulishikilia si utunzaji tena, na kuendelea kupakia watu ndani yake ni kuwacheza kamari. Mtu aliyelitunza gari kwa ajili ya watu hataona vigumu sana kuliacha kwa ajili ya watu hao hao. Aliyelitunza kwa ajili ya fahari ndiye atakayelia.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali ni kwamba kushindana na kutu si kupenda mali, maadamu twajua kwamba kutu itashinda mwisho, na kwamba hatukuitiwa kuishinda milele. Tumepewa muda tu: miaka kumi badala ya minne, safari elfu zaidi za watu kwenda kliniki, sokoni na mazikoni, wakafika. Katika muda huo breki zishike na sakafu isitoboke. Na siku tutakapomkabidhi mwingine ufunguo, tumwambie bila kuficha ni wapi kutu imefika.

Masika hayako mbali. Jumamosi hii, kabla hujachukua kitambaa cha kung'arishia vioo, tandika jamvi, hakikisha gari limesimama imara, ingia chini na taa, ukagonge.